Idara ya Utupaji na Buldoza la Kisimani

Inatangazwa kwa raia wote wa Nachingwea, Ruangwa na vitongoji vyake kwamba utupaji wa kienyeji umekomeshwa. Kuanzia leo hakuna mali ya Shirika itakayotupwa, iwe kubwa kama trekta au ndogo kama kizibo, mpaka ipewe neno la Kiingereza linalotumika mwaka huo. Atakayetupa bila neno amehujumu. Atakayeokota kilichotupwa bila neno ameiba.

Tangazo hilo nililitunga mimi, Kasmiri, Karani Mkuu wa Idara ya Utupaji, nikalisoma mwenyewe mbele ya stesheni ya Nachingwea mwaka 1949, nimevaa tai. Watu walipiga makofi. Wenye husuda walisema watu walikuwa wanaua mbung'o, lakini mimi nilikuwa nimesimama juu ya pipa na niliziona nyuso zao vizuri.

Wapo watakaouliza: Idara nzima ya kutupa? Naam, nzima, tena ilikuwa na bati jipya. Shirika lilikuja kulima karanga, na karanga zikakataa. Vitu ndivyo vilivyokubali. Vilishuka Lindi melini, vikapanda treni mpaka kwetu: matrekta, mapipa, mabeseni ya kuogea ya chuma, viatu vya mvua vya mguu wa kushoto, na mashine ya barafu ambayo ilitoa moshi tu. Visivyofika vibovu vilikufa vilipoonja jua la Nachingwea. Mwenyeji hajui kutupa. Akipata kopo atalifanya koroboi, akipata tairi atashona katambuga, na mwisho wa siku hana hata takataka ya kuonyesha. Kazi kubwa kama ile isingeweza kuachiwa watu wa namna hiyo.

Halafu kuna lugha yenyewe. Kiingereza ni lugha ya watu wanaosonga mbele, haikubali kutupa kitu kipya kwa neno kuukuu. Misheni nilifundishwa kusema "cast away", kama ilivyo katika Maandiko. Siku ya kwanza nililitamka mbele ya mkuu wetu wa kwanza, naye akacheka mpaka akapaliwa na chai.

"Kasmiri," akasema, "hilo ni neno la bibi yake bibi yangu. Mtu wa kisasa anasema 'discard'."

Akanieleza kwamba neno hilo limetoka mezani kwa wacheza karata: karata isiyokufaa unaiweka chini, unachukua nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa mpenzi wa mchezo huo tangu chai ya asubuhi hadi chai ya jioni, ndiyo maana watu walimwita Bwana Karata. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Neno huombwa Nachingwea, huthibitishwa London, hurudi kwa meli, ndipo kitu huondolewa. Mpaka hapo kitu kinabaki mali ya Shirika, kinalindwa, na kanuni yake niliiandika kwa mkono wangu: mali inayosubiri neno isiguswe, isisogezwe, wala isiongezwe maji. Hilo la maji lilihusu mashine, kwa sababu madereva walikuwa na tabia ya kuzijaza radieta za mashine zilizokwisha kufa kwa matumaini tu.

Ndipo akaja Mama Mwanaima.

Huyu ni mjane, mkulima wa ufuta, wa kitongoji kimoja karibu na Narung'ombe. Alitembea kwa miguu mpaka ofisini kwetu, akaweka debe tupu juu ya meza yangu, juu kabisa ya karatasi. Nililigeuza kwanza kuona kama si debe la Shirika.

"Kasmiri mwanangu," akasema, "buldoza lenu limelala juu ya kisima chetu."

Habari ilikuwa ya kweli. Buldoza lilikuwa likienda kufungua njia upande wa Ruangwa, likapata kiu. Dereva akalisogeza kisimani achote maji ya radieta, ukingo ukatitia, buldoza likakaa juu ya kisima kama kuku anayeatamia, likazima. Dereva akashuka, akalitazama, akaenda kwao.

"Liondoeni, mwanangu. Sasa tunachota kwa kufukua mchanga wa Mto Mbwemkuru. Tunaondoka alfajiri, tunarudi jua la utosi."

"Mama, limekwisha ombewa neno."

"Neno la nini? Si mlitupe tu?"

"Huko kutupa tu ndiko kulikokomeshwa."

"Basi tuacheni sisi tulisukume."

Nikamwonya kwa upole. Mtu mmoja wa Mandawa aliyefungua nati moja ya trekta alikuwa amelala mahabusu Lindi. Tena, kwa kumwonyesha kwamba Idara inajali, nikampeleka askari wetu, Saadi, akakae kando ya buldoza na rungu lake. Saadi alikuwa mtu mwaminifu. Alikaa juu ya kisima mchana kutwa akilinda, na wanawake wa kitongoji wakirudi kutoka Mbwemkuru walimpa maji ya kunywa.

Neno letu liliporudi kutoka London, Bwana Karata alikuwa amekwisha kuondoka, na mkuu mpya aliyekuja alikuwa baharia mstaafu. Watu wakamwita Bwana Nanga. Alipoona "discard" imepakwa rangi nyeupe ubavuni mwa kila pipa, uso ulimwiva.

"Hii ni Idara au kilabu cha kamari?" akauliza. "Futa yote!"

Neno lake lilikuwa "jettison". Asili yake ni baharini: dhoruba ikizidi, nahodha hutosa shehena ili chombo kiokoke. Ni neno zuri sana, lina chumvi. Tabu ni kwamba huwezi kulitumia mpaka uthibitishe kuwa chombo kiko hatarini, na sisi tuko mbali na bahari. Bwana Nanga alilitatua hilo kwa kutangaza kuwa ofisi ni chombo. Tukaanza kuita dirisha tundu la meli, na mimi nikapewa filimbi.

Mama Mwanaima alirudi, na debe lake. Nilipuliza filimbi kabla ya kumruhusu apande.

"Kasmiri, mwaka umepita. Kisima kiko pale pale."

"Mama, ombi lako limechunguzwa na kukataliwa. Chombo hakijawa hatarini."

"Sisi ndio tulio hatarini! Ashura, mkwe wangu, ana mimba kubwa, na kila siku anapandisha na debe kichwani kutoka Mbwemkuru."

"Ninyi si chombo, mama. Ninyi mko nchi kavu."

Mtu mwingine angenitukana, yeye alichukua debe lake tu. Baadaye nikasikia kwamba Ashura alijifungulia njiani, kwenye kichaka, maji yake ya kichwani yakamwagika yote na mtoto akafutwa kwa majani. Mtoto alipona, mtoto wa kike. Nilituma salamu za Idara, pamoja na ukumbusho kwamba njia ile ni ya Shirika.

Bwana Nanga akahamishwa baada ya kuomba boya, akaja wa tatu. Huyu alikuwa mhasibu, mwembamba, msafi, na alitembea na rula ya chuma mfukoni. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu. Kwetu alikuwa Bwana Rula. Yeye hakukasirika hata kidogo. Aliniketisha, akanionea huruma.

"Kasmiri, watangulizi wangu waliamini kwamba kutupa ni kazi ya mikono. Zama hizo zimepita. Sasa tunasema 'write off'."

Akafungua daftari kubwa, akaweka rula juu ya neno buldoza, akavuta mstari mmoja mwekundu. Akapuliza wino.

"Tayari," akasema. "Halipo."

Nakiri kwamba nilisisimka. Fikiria: hakuna kamba, hakuna lori, hakuna jasho. Wiki ile tulifuta nusu ya Nachingwea, na jioni tulipotoka ofisini tulilazimika kupita upande upande kati ya vitu ambavyo havikuwepo. Nilikwenda mwenyewe Narung'ombe kwa baiskeli kumpelekea Mama Mwanaima habari njema. Nilimkuta anapepeta ufuta mbele ya nyumba yake, mjukuu mgongoni.

"Mama, furahi. Buldoza halipo tena."

Akageuza shingo kutazama kisimani. Saadi alikuwa amelala kwenye kivuli cha buldoza.

"Na lile?"

"Lile lilifutwa Jumatatu."

"Kama halipo, mwanangu, basi tuliondoe."

"Kisichokuwepo hakiondolewi, mama. Hata mtoto anajua."

"Na huyu Saadi analinda nini?"

"Nafasi ya buldoza. Hiyo bado haijafutwa."

Mama Mwanaima akaweka ungo chini. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikadhani ni furaha.

"Kasmiri," akasema, "bibi yangu alitupa, mama yangu alitupa, na mimi natupa. Neno ni moja tu, na kitu kinaondoka. Ninyi mna maneno matatu, na kitu kimekaa tu."

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu lugha zetu zimedumaa. Nikapanda baiskeli yangu nikarudi, nikiwa na kiu kali, kwa sababu hakuna aliyenipa maji.

Huko London mambo yalikuwa yamechafuka. Waheshimiwa wa Bunge walikuwa wameuliza karanga ziko wapi, wakajibiwa zimefutwa. Wakauliza matrekta yako wapi, wakajibiwa hivyo hivyo. Ukaja waraka mpya mwaka 1952. Tangu sasa mali ya Shirika haitatupwa, haitatoswa wala kufutwa, kwa kuwa maneno hayo yanawaumiza walipa kodi. Mali itastaafu. Neno ni "retire". Na kila kinachostaafu kitafanyiwa sherehe fupi ya heshima mahali kilipo: bendera ishushwe, wasifu usomwe, kofia zivuliwe, watu wasimame kimya.

Bwana Rula alichagua kuanza na buldoza la Narung'ombe, kwa kuwa ndilo lililokuwa na malalamiko mengi katika faili. Tulikwenda kwa lori, tukiwa na mlingoti wa kukunja. Kitongoji kizima kilikuja kutazama. Nikasoma wasifu kwa sauti ya kanisani: kwamba mwenzetu huyu alizaliwa Amerika, akapigana vita Burma, akaitwa kuujenga Ukanda wa Kusini, akang'oa visiki viwili, na akazimika akiwa kazini. Bendera ikashuka. Bwana Rula akavua kofia yake ya jua. Dereva akavua, Saadi akavua, nami nikavua. Tukasimama kimya, vichwa chini.

Mama Mwanaima akanisogelea.

"Kasmiri, mmevua kofia?" akanong'ona.

"Tumevua."

"Mmeyataja matendo yake?"

"Ni itifaki, mama."

"Na mmenyamaza hivi kwa ajili yake?"

"Tafadhali, mama, tuko katikati ya heshima."

"Basi huu ni msiba," akasema, "na uko nyumbani kwangu."

Akafunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Mandawa. Wanawake wote wakapokea. Na kwa watu wa huku, ukelele ukishapigwa haurudishwi: waliokuwa mashambani waliacha majembe, wakakumbuka kwamba kaburi huchimbwa, wakayarudia wakaja nayo. Wa mbele kabisa alikuwa Shaban, mtani wa ukoo wa Mama Mwanaima.

Kwa asiyejua, mtani ni yule ambaye ukoo wake na wako wameruhusiana tangu kale kutukanana bila ugomvi. Penye raha anakusumbua kidogo, lakini penye msiba uwanja wote ni wake. Yeye ndiye anayechimba kaburi, anawacheka wafiwa ili wasizame katika majonzi, ananyakua anachotaka mpaka abembelezwe, na hakuna baraza litakalosikiliza kesi yako.

Shaban hakuuliza nani amekufa. Alipanda juu ya buldoza, akalala chali kwenye kiti, ulimi nje.

"Jamani, marehemu alikuwa mvivu kama ukoo wa Mwanaima!" akapiga kelele. "Alikula dizeli ya watu, akaja kulala juu ya maji ya watu! Amekufa akinywa, kama shemeji zenu wote!"

Watu wakacheka huku wakilia. Watani wengine walikuwa wameshaanza kupima kaburi kwenye mteremko, hatua chache chini ya kisima. Mmoja alimnyang'anya Bwana Rula rula yake ya chuma kwa ajili ya vipimo.

"Kasmiri," Bwana Rula akaniuliza, "wanafanya nini?"

"Wanaomboleza, Bwana."

Akatazama wale wanawake wanavyogaagaa. Macho yakamlowa. "Kule kwetu," akasema, "hakuna aliyewahi kulilia kazi yangu yoyote."

Kwa hiyo hakuzuia kitu. Angezuiaje? Sherehe ilikuwa yake, kofia aliishika mwenyewe mkononi. Walichimba kutwa. Walikata magogo, wakayalaza, wakafunga minyororo yetu na kamba za miyombo, na Saadi naye akaweka rungu chini akavuta. Waliliogesha buldoza kwa majivu, Shaban akiuliza kwa sauti kubwa kwa nini marehemu hana makalio. Jua lilipoinama, udongo ukaachia, na mali ile ya Shirika ikateleza juu ya magogo ikiwa inalia vyuma, ikatumbukia kaburini kichwa kwanza. Vumbi lilipotulia tulisikia maji. Yalikuja ya matope, yakaja ya kahawia, kisha yakaja meupe, na Ashura akapiga magoti akazamisha debe lake. Nilitangaza kwamba maji yale yanasubiri kuainishwa, lakini kelele zilikuwa nyingi.

Bwana Rula aliandika ripoti ndefu. Alieleza kwamba kustaafisha buldoza hakukuigharimu Idara chochote isipokuwa rula moja, kwamba wenyeji walishiriki kwa hisia kali, na kwamba eneo la Narung'ombe sasa lisajiliwe kuwa Mahali Rasmi pa Kustaafia, pekee katika jimbo. London walifurahi mno. Walifurahi hata wakasoma ripoti mpaka mwisho, wakaona kwamba njia hii ikiwa rahisi hivyo, hakuna haja ya Idara. Simu ya upepo ikafika: Idara ya Utupaji pamoja na mkuu wake istaafishwe mara moja, Mahali Rasmi.

Mimi, niliyeajiriwa papa hapa, sikutajwa. Hata hivyo nilimsindikiza mkuu wangu, maana kazi ni kazi. Nilimfunga lebo kwenye kifungo cha koti, kama kanuni inavyotaka, na lori likatushusha Narung'ombe yeye, mimi, Saadi na sanduku moja la kukalia, kisha likaenda zake. Nilikuwa nimeanza kukunjua wasifu wake nilipoona tarishi anakuja mbio na baiskeli. Simu ya pili. Wabunge walikuwa wameuliza iweje matrekta yastaafu wakati wazee wa Uingereza wangali wanafanya kazi. Neno "retire" limeondolewa. Neno jipya litafuata.

"Litafuata lini?" Bwana Rula akauliza.

"Kwa meli, Bwana," nikasema.

Akakaa juu ya sanduku, kando ya kaburi la buldoza. Saadi akasimama nyuma yake na rungu. Jua lilikuwa lile la Oktoba, na midomo ya Bwana Rula ikaanza kupasuka. Mbele yake wanawake walikuwa wanachota na kucheka, hatua chache tu.

"Kasmiri, niombee maji."

Nikamwita Mama Mwanaima. Akaja, debe limejaa kichwani, akasoma lebo kwa macho ingawa hajui kusoma.

"Huyu ni wa nani sasa?" akaniuliza.

"Ni mali ya Shirika, mama, mpaka neno lije."

"Mali ya Shirika haiguswi," akasema. "Wa Mandawa aligusa nati akafungwa. Mimi nina mjukuu."

Bwana Rula akamgeukia Saadi. Saadi alikuwa na kibuyu kiunoni, kimejaa. Akakitazama kibuyu, akanitazama mimi.

"Karani," akasema kwa masikitiko ya kweli, "mali inayosubiri neno si isiongezwe maji?"

Ilikuwa kanuni yangu, na aliinukuu bila kosa. Mkuu wangu akakaa. Mbuzi alikuja akanusa lebo. Kivuli cha mwisho kikamhama, na wanawake wakaendelea kumpita na ndoo zao kwa heshima, wakizunguka mbali wasimguse.

Mwishowe Bwana Rula akasimama. Akainua mkono taratibu, akavua kofia yake ya jua, akaishika kifuani, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Mama Mwanaima, aliyekuwa amekwisha geuka kwenda zake, akasimama. Akamtazama yule mtu mwembamba amesimama kando ya kaburi, kichwa wazi juani, hakuna hata mmoja wa kwao wa kusimama naye. Nilimwona uso ukimlegea. Akatua debe chini bila kumwaga tone. Akafunga kanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele.

Shaban alifika wa kwanza, kama kawaida. Alichana lebo, akaivaa yeye, akanyakua kofia, akavua viatu vya marehemu akavijaribu.

"Mwepesi huyu!" akapiga kelele, huku watani wakimbeba Bwana Rula mabegani tayari kwa safari ya stesheni. "Karani! Kwa Kiingereza cha mwaka huu, huyu tunamfanyaje?"

Nilinyoosha tai yangu, nikamjibu rasmi kwamba neno bado halijafika.

"Basi mpeni maji," akasema Mama Mwanaima. "Neno litamkuta Lindi."